Mahojiano ya kazi kwa simu: anayepiga ndiye apige hodi

Nimechoka. Naanza hivyo ili mjue mapema kwamba leo sikuja kuchekesha mtu.

Nimechoka na mawaidha ya mahojiano ya simu. Yako kila mahali na yote yanamwelekea mtu mmoja tu, mwombaji kazi. Ati tabasamu unapoongea, anayekusikiliza atalisikia tabasamu. Ati simama wima ili mapafu yafunguke. Ati vaa suti hata kama hakuna anayekuona (hili nimelisoma kwa macho yangu, na aliyeliandika hakuwa anatania). Kijana wa watu afunge tai sebuleni kwa shangazi yake kule Kayole, ilhali yule atakayempigia yuko kwenye foleni ya benki, anapoteza wakati, na hajasoma hata ukurasa wa kwanza wa wasifukazi wake!

Mimi huandika programu, na nimekaa pande zote mbili za waya. Nimehojiwa kwa simu na nimehoji wengine kwa simu. Ninachosema leo ni kwamba adabu ya mahojiano ya simu inaanza kwa anayepiga, na makampuni yetu mengi hayana adabu hiyo. Waombaji nao wana makosa yao. Nitawafikia, kwa hivyo msishangilie mapema.

Wote tumelelewa tukijua hodi. Mtu hafiki kwa mwenzake akasukuma mlango na kuanza kuuliza maswali. Anabisha, anasema hodi, anangoja karibu. Asipojibiwa mara ya tatu anaenda zake na hakasiriki. Akikaribishwa anasalimia, anajitambulisha kama hafahamiki, ndipo anasema kilichomleta. Hata anayekuja kudai deni hupiga hodi.

Sasa tazama simu ya mahojiano inavyokuja. Nambari imefichwa. Unaichukua ukidhani ni mtu wa nyumbani aliye ng'ambo. "Halo, ni fulani? Uliomba kazi kwetu. Haya, jieleze." Kwetu wapi? Umeomba kazi mahali 40! Jina lake hakulitaja, cheo chake hakukitaja, hakuuliza kama uko mahali pa kuongelea. Na ukithubutu kuuliza "Samahani, naongea na nani?" unasikia pumzi ya mtu aliyekwisha kukukata alama.

Niwape kisa kimoja, na mwenye makosa ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwa kampuni ndogo hapa Nairobi. Ijumaa moja mkubwa wangu akaniletea bahasha yenye wasifukazi 12. "Wapigie hawa kabla ya saa kumi. Nataka wanne Jumatatu." Ilikuwa saa saba na nusu. Hesabu mwenyewe: watu 12 kwa saa mbili na nusu, na bado nilikuwa na hitilafu ya kurekebisha kwenye programu ya mteja. Nikachukua simu ya ofisi, ambayo ilikuwa imewekwa ifiche nambari, nikaanza na wa kwanza.

Wa tano alikuwa dada aliyehitimu mwaka uliotangulia. Alichukua simu akiwa ndani ya matatu ya Githurai. Nilijua ni matatu kwa sababu nilisikia muziki, honi na makanga akigonga bodi. "Halo? Halo? Nani mwenzangu?" Nikataja kampuni haraka haraka nikaingia kwa swali: nieleze tofauti ya orodha na jedwali la hashi, na kila moja ungeitumia wakati gani. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu akaanza kujibu, na nadhani alikuwa anaelekea kuzuri, lakini sauti ikaanza kukatika vipande vipande. Nikasema asante, tutakupigia. Kwenye karatasi yangu nikaandika: "Hasikii maswali. Hajiamini." Dakika nne, kazi imekwisha.

Jioni akaandika barua-pepe kwa anwani ya jumla ya kampuni, kwa sababu nambari yangu hakuwa nayo. Katibu akanipelekea. Aliomba radhi (yeye ndiye aliyeomba radhi!), akaeleza kwamba nilimpata garini, sasa amefika nyumbani na pametulia, na kama sitajali nimpigie wakati wowote hadi saa nne usiku. Chini yake alikuwa amejibu swali langu kwa maandishi. Jibu lilikuwa sahihi. Tena aliongeza jambo ambalo sikuwa nimeuliza: kwamba kanuni ya hashi ikiwa mbovu, vitu vyote vinarundikana kwenye kikapu kimoja na jedwali linakuwa polepole kama orodha tu. Nikasoma, nikasema "ala!", nikazima tarakilishi nikaenda zangu. Majina manne nilikuwa nimeshayapeleka.

Kati ya hao wanne mmoja alikuwa ameongea kwa simu kama mtangazaji wa redio. Ametulia, chumba kimya, Kiingereza kinateleza. Jumatatu alishindwa kuandika kitanzi cha kuhesabu moja hadi kumi. Nikarudi kwenye karatasi zangu. Wote wanne nilikuwa nimewapata mahali pakimya. Wote! Sikuwa nimepima nani anaweza kuandika programu. Nilikuwa nimepima nani yuko nyumbani na nani yuko barabarani Ijumaa saa nane mchana.

Na hapa wenzangu wa kiufundi hatuna kisingizio kabisa, maana sisi ndio tunaojua simu ni chombo cha namna gani. Simu ya kawaida hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Inachukua sampuli mara 8,000 kwa sekunde, kwa hivyo chochote kilicho juu ya hezi 4,000 hakipiti. Sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000. Sasa, sehemu kubwa ya kinachotofautisha "s" na "f" iko juu ya hapo tulipokata. Mwambie mtu "fumbua" kwa laini mbovu uone kama hatasikia "sumbua". Kwa maneno ya kila siku ubongo unajaza mapengo kwa kuwa unajua sentensi inaelekea wapi. Kwa jina la maktaba ya programu ambalo hajawahi kulisikia, ubongo utajaza nini?

Kisha kuna rununu yenyewe. Sauti ambayo kwa waya ingechukua kilobiti 64 kwa sekunde inabanwa hadi 12.2, na mtandao ukiwa dhaifu inaweza kushuka hadi 4.75. Ubanaji huo unafanya kazi kwa kuiga koo la binadamu. Ukiupa koo la binadamu pamoja na spika za matatu unachanganyikiwa, na unachosikia upande wa pili ni uji. Siku hizi kuna simu za sauti pana zinazofika hezi 7,000, lakini ni lazima rununu zote mbili na mitandao yote miwili iikubali, la sivyo mnarudi kule kule.

Bado kuna ucheleweshaji. Shirika la ITU linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, simu zetu nyingi za ng'ambo zilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, na safari hiyo peke yake ilikula karibu robo ya sekunde kwenda na robo nyingine kurudi. Mnakumbuka mlivyokuwa mkiongea kwa pamoja kisha mnanyamaza kwa pamoja? Nyaya zimekuja lakini ucheleweshaji haujaisha, hasa kwa simu za intaneti zinazopita kwa bando la mtu. Anayehoji anasikia kimya cha sekunde moja na kuandika "anasitasita". Nusu ya kimya hicho ni mtambo!

Najua kuna watakaonijibu kwa kumtaja Joel Spolsky. Mwaka 2006 aliandika makala kuhusu mchujo wa simu ambayo waandishi wa programu duniani kote waliisoma, na hoja yake moja ni kwamba simu inapunguza hukumu za haraka: humwoni mtu, kwa hivyo unalazimika kumsikiliza. Ni hoja nzuri kwa New York. Hapa Kenya ukishasikia jina la mtu na maneno yake matatu ya kwanza, umeshajua (ama umeshadhani unajua) kwao ni wapi. Simu imeficha sura na mavazi, ikaacha lafudhi peke yake mezani. Na sisi ni mabingwa wa kucheka matamshi ya wenzetu. Nimemsikia mhoji akiuliza kabisa, "Hilo jina ni la wapi?" kabla hajauliza chochote kuhusu kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa misingi kama asili ya kikabila, jinsia, dini, ulemavu na, sikilizeni vizuri, lugha. Huo ulemavu nao tuutafakari kidogo. Mwenye kigugumizi, au asiyesikia vizuri, anaandika programu sawa na wewe. Ukimwambia mlango ni simu pekee, umemfungia nje. Mahojiano ya maandishi yanawezekana na hayagharimu chochote.

Na kama unarekodi mazungumzo, sema. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mtu ana haki ya kujua data yake inachukuliwa na kwa sababu gani.

Kuna jambo lingine linalofanya simu za nambari zilizofichwa ziniudhi zaidi, nalo ni wezi. Kila anayetafuta kazi nchini anaijua simu ile: umechaguliwa, hongera, sasa tuma pesa kidogo kwa M-Pesa za usajili, au za kupimwa afya, au za sare. Wezi hao wanaishi vizuri kwa sababu waajiri wa kweli wanapiga simu kwa mtindo wao ule ule! Kama kampuni halali ingetanguliza ujumbe wenye jina la anayepiga na nambari inayoonekana, yule tapeli angetambulika akisema halo. (Vijana: mwajiri halali hakuombi pesa ili akupe kazi. Akitaja pesa, kata simu.)

Haya, saa. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na barua-pepe za ofisi zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Afisa anaandika 9:00 kwenye kalenda yake ya Kiingereza, kisha msaidizi wake anapiga simu kusema "kesho saa tisa". Mwombaji anajiandaa kwa saa tisa alasiri. Saa tatu asubuhi simu inalia akiwa anaoga, hachukui, na kwenye karatasi anaandikiwa "hapatikani". Andikeni zote mbili: saa tatu asubuhi, yaani 9:00, saa za Nairobi. Ni mstari mmoja tu.

Kwa wale mnaohojiwa na makampuni ya nje: Kenya haibadilishi saa lakini wao hubadilisha. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa joto. London ni tatu, kisha mbili. Tena hawabadilishi siku moja. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo, kwa hivyo katikati kuna wiki mbili au tatu ambapo hesabu uliyoizoea inakudanganya. Mimi niliahidiwa simu saa nne asubuhi ya New York, nikahesabu saa kumi na mbili jioni kwetu. Ikalia saa kumi na moja. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Nilihojiwa hivyo hivyo kwenye veranda ya kinyozi, na wateja wake wanasikiliza kana kwamba ni mpira. Kazi sikupata.

Kuhusu maswali sitasema mengi. Swali la simu liwe la kuelezeka kwa mdomo. "Nieleze kinachotokea tangu naandika anwani ya wavuti hadi ukurasa uonekane" ni swali zuri. Mtu anaweza kwenda nalo mbali kadiri ajuavyo. "Kwenye Java, kuna tofauti gani kati ya == na equals?" ni zuri pia, dakika moja umemjua aliyeitumia lugha na aliyeiandika tu kwenye wasifukazi. Lakini kumwambia mtu akusomee msimbo kwa simu, mabano kwa mabano, ni utesaji. Hata ile FizzBuzz ambayo Imran Ghory aliieneza mwaka 2007, ambayo ni jambo la mistari michache, ikisomwa kwa simu inageuka mtihani wa alama za uandishi. Kama unataka msimbo, tuma ukurasa ambao nyote wawili mnauona.

Sasa nyinyi waombaji. Mlidhani nimesahau?

Wimbo wa Skiza uondoeni. Ninapompigia mtu kuhusu kazi, sitaki kusikilizishwa nusu ya wimbo wa mapenzi kabla hajachukua simu. Ukijua unangoja simu ya kazi, usiichukue kwa "Niaje" wala "Sema". Sema habari ya asubuhi, taja jina lako, imetosha. Halafu hiyo tabia ya kutafuta majibu kwenye mtandao nikiwa nawangoja: nasikia kibodi, jamani! Tak-tak-tak, kisha sauti inabadilika ghafla na kuwa ya kitabu. Sema "hilo silikumbuki, lakini ningeanza kuangalia mahali fulani". Mimi mwenyewe hutafuta vitu mtandaoni siku nzima, sitakuhukumu kwa hilo. Nitakuhukumu kwa kuigiza.

Laini mbili. Wengi wenu mna rununu ya laini mbili, na nyingi za rununu hizo zina redio moja. Ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, ya pili haipatikani kabisa. Kwa hivyo siku hiyo usipige soga kwa laini nyingine dakika tano kabla ya wakati. Na kwenye wasifukazi weka nambari moja, ile yenye mtandao mzuri mahali utakapokuwa. Chaji simu usiku, maana stima haina adabu kuliko waajiri. Tumia vipokea sauti vyenye maikrofoni, kwa kuwa spika ya simu huvuta kelele zote za chumba.

Mahali pa kuongelea ndipo penye shida, najua. Si kila mtu ana chumba. Kama unaishi ploti ambapo redio ya jirani ni yako pia, tafuta mapema: maktaba yenye ua, duka la rafiki kabla halijafunguliwa, gari la mtu lililoegeshwa. Gari lililofungwa vioo ni studio nzuri ajabu. Kama hukupata, mwambie anayekuhoji mwanzoni kabisa, "kutakuwa na kelele kidogo hapa, ukikosa kunisikia nitarudia." Kwangu mimi huo ni ustaarabu, na unaniambia utawaambia wateja wangu ukweli.

Pakua programu ya kampuni unayoiomba kazi, uitumie siku mbili. Nimewahoji watu wengi ambao hawakuwa wamefungua hata wavuti yetu. Andaa visa viwili vya vitu ulivyoharibu na jinsi ulivyovirekebisha, kwa sababu karibu kila mhoji ataviuliza kwa njia moja au nyingine. Na unapohitaji kufikiri, sema "nipe sekunde chache nifikiri". Kwa ana kwa ana ningekuona ukitazama dari; kwa simu sikuoni.

La mwisho kwenu, nalo ni zito kuliko yote. Ukipigiwa bila miadi na hauko mahali pazuri, kataa. Kwa heshima: "Asante kwa kunipigia. Niko barabarani na sikusikii vizuri. Naomba unipigie baada ya saa moja, au unipe nambari nikupigie." Najua mnaogopa. Mnadhani ukisema hivyo kazi imeenda. Kwa baadhi ya kampuni itakwenda kweli, siwezi kuwadanganya, na ndiyo maana nimetumia kurasa nyingi kuwasema waajiri kabla ya kuwafikia nyinyi.

Siku hizi mimi hufanya hivi. Siku moja kabla natuma arafa: jina langu, kampuni, kazi yenyewe, saa kwa hesabu zote mbili, dakika ngapi, na nambari nitakayotumia. Napiga kwa kredo yetu, simfanyi mtu anipigie. Swali langu la kwanza huwa ni "unanisikia vizuri, na uko mahali pa kuongelea?" Akisema hapana tunapanga upya na siandiki chochote kwenye karatasi. Na wote huwajibu, hata wale niliowakataa. Ujumbe wa kumwambia mtu kwamba hakupata haufiki shilingi mbili. Yule dada wa matatu ya Githurai sikumwandikia hata huo.